Bei ya Safari na Gharama Yake: Somo kwa Mlaji Kuhusu Athari za Utalii na Misingi ya Utalii Endelevu

Utangulizi

Bidhaa nyingi humfuata mlaji. Sukari, sabuni na kitambaa hutoka zinakotengenezwa, hupita mikononi mwa wafanyabiashara, na mwishowe hufika katika duka la jirani. Huduma ya utalii huenda njia nyingine: mlaji ndiye anayeifuata. Hulipa, husafiri, kisha huitumia huduma hiyo mahali palepale inapozalishwa. Mahali hapo huwa ni kijiji cha watu, ufukwe wa wavuvi, msitu unaolinda chemchemi, au mtaa ambao watoto huupita kila asubuhi wakienda chuoni na shuleni.

Kwa sababu hiyo, bei iliyoandikwa kwenye stakabadhi ya safari ni sehemu tu ya gharama ya safari. Kitanda, chakula, usafiri na kiingilio vimo katika bei. Maji ya kisima yaliyopungua, taka zilizobaki nyuma na kodi ya nyumba iliyopanda havimo. Hata hivyo gharama hizo hazipotei. Hulipwa na mtu mwingine, na mara nyingi mtu huyo ni mwenyeji ambaye hakuwahi kuulizwa kama yuko tayari kulipa.

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Utalii endelevu kwa hakika ni juhudi ya kuufanya usemi huo uwe kweli. Katika somo hili tutaeleza athari za utalii, nzuri na mbaya, kisha misingi ya utalii endelevu, na mwisho yale ambayo mlaji wa kawaida anaweza kuyafanya kabla ya kulipa, akiwa safarini na baada ya kurejea. Mifano yetu mingi tumeitoa katika kisiwa cha Unguja, kwa sababu mbili: kisiwa ni mahali padogo ambapo athari huonekana mapema, na ni mahali ambapo wananchi wengi wa Afrika Mashariki huenda kwa fungate, likizo na ziara za vikundi.

1. Mtalii ni nani?

Wengi wetu tukisikia neno mtalii humfikiria mgeni kutoka Ulaya au Marekani mwenye kamera shingoni. Maana inayotumiwa na Shirika la Utalii la Umoja wa Mataifa ni pana zaidi. Mtalii ni mtu anayesafiri nje ya mazingira yake ya kawaida, akalala huko angalau usiku mmoja, kwa muda usiofikia mwaka mmoja, kwa mapumziko, shughuli au sababu nyingine isiyokuwa ya kuajiriwa mahali anapokwenda.

Kwa maana hiyo, familia inayotoka Dodoma kwenda Unguja kwa siku nne wakati wa likizo ya shule ni ya watalii. Wanafunzi wanaolala Mikumi ili kuona wanyama ni watalii. Maharusi walio katika fungate Nungwi nao ni watalii. Hivyo somo hili halimhusu mgeni wa mbali peke yake. Linamhusu kila msomaji aliyewahi kulipia chumba mbali na kwao.

2. Faida za utalii na njia zinakopotelea

Kwa zaidi ya karne moja uchumi wa Zanzibar ulitegemea karafuu. Bei ya karafuu katika soko la dunia ilipoanguka, Serikali ililazimika kutafuta njia nyingine ya mapato, na kuanzia katikati ya miaka ya 1980 milango ya uwekezaji katika hoteli ilifunguliwa. Leo utalii ni chanzo kikuu cha fedha za kigeni visiwani. Umeleta ajira kwa wapishi, madereva, waongozaji na mafundi. Umempa mvuvi mnunuzi wa pweza na samaki, na mkulima mnunuzi wa viungo na matunda. Umeleta barabara na umeme katika vijiji ambavyo pengine vingesubiri sana.

Utalii pia unaweza kuwa sababu ya kuhifadhi. Katika Msitu wa Jozani, ambao pamoja na Ghuba ya Chwaka ulitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2004, anaishi kima punju, mnyama ambaye asili yake ni Zanzibar pekee. Kwa miaka mingi wakulima wa vijiji vya jirani walimwona kima huyo kuwa mwizi wa mazao yao. Mpango wa kugawana mapato ya viingilio kati ya hifadhi na vijiji, na kuwafidia wakulima, ulibadilisha hesabu hiyo: mnyama aliye hai akawa na thamani hata kwa mtu ambaye shamba lake limeguswa. Katika barabara inayopita hapo yaliwekwa matuta ya kupunguza mwendo, na vifo vya kima kwa kugongwa na magari vikapungua. Mambo hayo ni madogo, lakini yanaonyesha kwamba faida ya utalii hufika kijijini pale inapowekewa njia ya kufika.

Isipowekewa njia, hupotea. Wataalamu huita hali hiyo uvujaji. Tuseme mtalii amelipia kifurushi cha safari chenye kila kitu ndani: ndege, chumba, milo yote mitatu na vinywaji. Malipo yamefanyika katika nchi ya mbali kwa kampuni ya nchi hiyo. Hoteli inaagiza maji ya matunda, nyama na hata nyanya kutoka nje. Wasimamizi wakuu ni wageni, na mishahara yao inapelekwa kwao. Mtalii huyo, kwa kuwa amekwisha kulipia kila kitu, haoni sababu ya kutoka nje ya lango kwenda kununua ndizi au kula chakula cha mama lishe. Kijiji kimempokea mgeni, lakini fedha yake imepita kama maji katika ndoo iliyotoboka. Kilichobaki ni sehemu ndogo ya mishahara, pamoja na taka.

Hatari nyingine ni kutegemea utalii peke yake. Mwaka 2019 Tanzania ilipokea watalii wa kimataifa zaidi ya 1,500,000. Mwaka 2020, ugonjwa wa UVIKO-19 ulipofunga mipaka ya dunia, idadi hiyo ilishuka hadi takriban 620,000. Vijiji vilivyokuwa vimeacha mashamba na nyavu kwa ajili ya hoteli vilijikuta havina hoteli wala mashamba. Ndiyo maana mipango mizuri ya utalii huuchukulia utalii kuwa mguu mmoja wa uchumi, na huuacha uvuvi, kilimo na ufundi vibaki kuwa miguu mingine.

3. Maji: gharama isiyoonekana kwenye stakabadhi

Kati ya athari zote za utalii kisiwani, tumechagua kukaa zaidi kwenye maji, kwa kuwa hayo humgusa kila mwenyeji na kila mgeni kila siku.

Unguja haina mto mkubwa wala ziwa. Maji yake matamu hutoka ardhini. Mvua za masika na vuli hupenya katika mwamba wa matumbawe ya kale, hujikusanya chini, na watu huyafikia kwa visima na mapango. Karibu na pwani, maji hayo matamu huelea juu ya maji ya chumvi yanayopenya kutoka baharini, kwa kuwa maji ya chumvi ni mazito zaidi. Kisima kilicho karibu na bahari kikivutwa kwa pampu kupita kiasi, tabaka la maji matamu hupungua na yale ya chumvi hupanda. Kisima kikishaingia chumvi huchukua muda mrefu kupona, na mwenye kisima hawezi kukiponya peke yake, maana maji ya chini hayajui mpaka wa kiwanja. Pampu ya hoteli inaweza kukiharibu kisima cha bibi aliye ng'ambo ya ukuta, ingawa hakuna aliyeingia uwanjani kwake.

Mwaka 2012 shirika la Tourism Concern la Uingereza lilitoa matokeo ya uchunguzi wa matumizi ya maji katika vijiji vya Nungwi na Kiwengwa. Kaya moja ya kijijini ilitumia wastani wa lita 93 kwa siku. Chumba kimoja cha nyumba ya wageni kilitumia wastani wa lita 686. Chumba kimoja cha hoteli ya nyota tano kilitumia wastani wa lita 3,195. Kwa maneno mengine, chumba kimoja cha hoteli hiyo kilitumia maji yanayozitosha zaidi ya kaya 34. Kwa wastani huo, hoteli ya vyumba 100 ingetumia kwa siku maji yanayozitosha kaya zipatazo 3,400.

Msomaji anaweza kuuliza: chumba kimoja kinawezaje kutumia lita 3,195, hali mgeni ni mmoja au wawili? Jibu ni kwamba mgeni hanywi maji hayo. Yanakwenda kwenye bwawa la kuogelea, bustani za majani yasiyozoea ukame, jiko kubwa, na mashuka na taulo zinazofuliwa kila siku hata kama zimetumika mara moja tu. Bafuni nako tuangalie: bomba la mvua linalotoa lita 10 kwa dakika, mtu akioga kwa dakika 10, humwaga lita 100. Hayo ni zaidi ya maji ya kaya nzima ya kijijini kwa kipimo tulichokitaja.

Kuna jambo jingine linaloongeza uzito wa tatizo. Misimu ambayo wageni huwa wengi, yaani kuanzia Juni hadi Septemba na tena Desemba hadi Februari, ni miezi ya jua. Wageni huja wakati huo kwa sababu wanataka jua. Kwa hiyo mahitaji ya maji huwa makubwa zaidi wakati ardhi inapokea mvua kidogo. Mwenyeji anayeona bomba la kijiji limekauka huku bustani ya jirani ikinyunyiziwa asubuhi na jioni hahitaji mtaalamu wa kumweleza maana ya utalii usio endelevu.

Na maji yakishatumika, hayaishi hapo. Majitaka yasiyosafishwa hupenya katika mwamba uleule wenye matundu na kurudi visimani, au huingia baharini, ambako hulisha mwani mwitu unaoyafunika na kuyaua matumbawe. Hivyo hoteli inayomwaga majitaka ovyo huharibu vitu viwili kwa mkupuo: maji ya mwenyeji, na bahari ambayo mgeni amekuja kuiona.

4. Bahari na wanaoitegemea

Kilimo cha mwani wa biashara kilianza pwani ya mashariki ya Unguja mwaka 1989, katika vijiji vya Paje na Jambiani, na tangu wakati huo wakulima wengi wamekuwa wanawake. Maji yakitoka, huingia kwenye kina kifupi, hupiga vigingi, hufunga kamba na kuning'iniza mbegu za mwani. Fukwe hizohizo leo zinatafutwa na hoteli na na wachezaji wa michezo ya upepo. Kwa mgeni, vigingi vile vinaharibu picha. Kwa mkulima, vigingi vile ni ada ya shule ya mtoto. Mtu anayekatiza juu ya kamba za mwani wakati wa maji kutoka amekanyaga shamba, kama ambavyo angekanyaga shamba la mpunga.

Huko Kizimkazi, kusini mwa kisiwa, pomboo waliwahi kuwindwa ili nyama yao iwe chambo cha kuvulia papa. Katika miaka ya 1990 wanakijiji walianza kuwapeleka wageni kuwaona, na pomboo aliye hai akawa na faida kuliko aliyekufa. Hiyo ilikuwa hatua njema. Lakini watafiti waliowafuatilia wanyama hao wameeleza kwamba mashua nyingi zinapowazunguka, na wageni wanaporuka majini karibu nao, pomboo hupunguza muda wa kupumzika na kula. Nahodha mara nyingi hufukuza kundi kwa sababu abiria wake wanamtaka afanye hivyo, na wanamtaka kwa sababu wamelipa. Hapa mlaji anaweza kuona wazi nguvu ya matakwa yake: abiria wakimwambia nahodha azime mashine na asubiri mbali, yeye hana sababu ya kufukuza.

Vivyo hivyo kwa matumbawe. Aina nyingi hukua kwa milimita au sentimita chache tu kwa mwaka. Nanga iliyotupwa ovyo, au mguu wa mtu aliyesimama juu ya mwamba ili apumzike, unaweza kuvunja kazi ya miaka mingi. Nyota wa bahari anayetolewa majini ili apigwe picha huumia, hata akirudishwa. Makombe makubwa na vipande vya matumbawe vinavyouzwa ufukweni vimetolewa katika makazi ya viumbe hai. Bidhaa za magamba ya kasa zimepigwa marufuku katika biashara ya kimataifa, na mtu akikamatwa nazo mpakani huadhibiwa yeye, hata kama muuzaji alimhakikishia kwamba hazina tatizo.

5. Jamii na utamaduni

Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000. Heshima hiyo imesaidia kutafuta fedha na ujuzi wa kukarabati majumba yake ya mawe na chokaa. Lakini mji ni zaidi ya kuta. Ni watu wanaokaa barazani jioni, ni msikiti wa mtaa, ni duka la kahawa, ni jirani anayemjua mtoto wa jirani. Nyumba iliyokuwa na familia tatu ikigeuzwa kuwa hoteli, jengo linapona na mtaa unapungua. Nyumba nyingi zikigeuka hivyo, kodi hupanda, wenyeji huhamia ng'ambo, na mgeni aliyekuja kuuona mji hujikuta akiwaona wageni wenzake.

Mwaka 1975 mtafiti George Doxey alieleza kwamba hisia za wenyeji kwa watalii hupita hatua nne. Kwanza huwa furaha: wageni ni wachache na kila mmoja hukaribishwa. Pili huwa mazoea: mgeni anakuwa njia ya kupata fedha tu. Tatu huja kero: msongamano, bei za sokoni zilizopanda, mavazi yasiyo na staha mbele ya wazee. Mwisho huwa uhasama. Kipimo hiki si kanuni isiyobadilika, kwani katika kijiji kimoja mwenye duka anaweza kufurahi na mvuvi akakereka. Hata hivyo kinatukumbusha kwamba ukarimu nao ni rasilimali. Ukitumiwa bila kurudishiwa, huisha.

Mambo yanayourudishia ni mepesi. Nguo za kuogelea zibaki ufukweni. Kijijini na mjini mgeni avae nguo za kumsitiri mabega na magoti. Katika mwezi wa Ramadhani asile wala kunywa hadharani mchana. Aombe ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha. Asiwagawie watoto fedha au peremende barabarani, kwani mtoto akizoea kupata fedha ufukweni, darasa linapoteza mwanafunzi. Anayetaka kusaidia shule azungumze na mwalimu mkuu au kamati ya shule. Na salamu itangulie biashara. Kwa mwenyeji wa pwani, mtu anayeuliza bei kabla ya kusalimu amekwisha kujieleza ni nani.

6. Misingi ya utalii endelevu

Mwaka 2005 Shirika la Utalii la Umoja wa Mataifa na Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa yalitoa mwongozo unaoeleza kwamba utalii endelevu ni ule unaozingatia kikamilifu athari zake za kiuchumi, kijamii na kimazingira, za sasa na za baadaye, na kujibu mahitaji ya wageni, wafanyabiashara, mazingira na jamii zinazowapokea wageni. Tunaweza kuiweka misingi yake hivi:

a) Mazingira. Rasilimali kama maji, misitu na matumbawe zitumike kwa kiasi kinachoziwezesha kujirudisha.

b) Jamii. Utamaduni, urithi na maisha ya wenyeji viheshimiwe, na wenyeji wasigeuzwe kuwa maonyesho.

c) Uchumi. Biashara iwe ya kudumu, na faida yake igawanywe kwa haki, ikiwa ni pamoja na ajira zenye uhakika na mapato kwa wenyeji.

d) Ushirikishwaji. Watu wote wanaoguswa washiriki katika maamuzi kabla hayajapitishwa. Kwa mfano, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 ya Tanzania Bara inataka miradi mikubwa ifanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira, na maoni ya wananchi ni sehemu ya tathmini hiyo.

e) Ufuatiliaji. Athari zipimwe mara kwa mara, na kasoro zirekebishwe mapema.

f) Kuridhika kwa mgeni. Huduma iwe nzuri na imfundishe mgeni, ili arudi akiwa mwangalifu zaidi.

Kinachotokea misingi hii ikipuuzwa kilionekana katika kisiwa cha Boracay, nchini Ufilipino. Majitaka ya hoteli na majengo mengine yalikuwa yakimwagika baharini, na mwezi Aprili 2018 Serikali ya nchi hiyo ilikifunga kisiwa kizima kwa watalii kwa miezi sita ili kisafishwe. Kilipofunguliwa tena, idadi ya wageni iliwekewa kikomo. Bahari ilipata nafuu, lakini katika miezi hiyo walioumia zaidi ni wafanyakazi wa hoteli, madereva na wachuuzi, ambao wengi wao hawakuwa wamejenga bomba lolote la majitaka. Kurekebisha baada ya kuharibu hugharimu, na mswada wake huletwa kwa maskini kwanza.

Kinachotokea misingi hii ikifuatwa kinaonekana karibu zaidi, katika kisiwa kidogo cha Chumbe, kusini mwa Mji Mkongwe. Miamba yake ya matumbawe imehifadhiwa tangu mwaka 1994, na uvuvi hauruhusiwi humo. Vyumba vya wageni ni saba tu. Paa za vyumba hivyo hukinga maji ya mvua, umeme hutokana na jua, na vyoo hugeuza kinyesi kuwa mboji bila kutumia maji. Wavuvi wa zamani walifundishwa kuwa walinzi na waongozaji, na wanafunzi wa shule za Zanzibar hupelekwa huko kujifunza. Tunakitaja kama mfano wa kujifunzia. Bei yake si ya kila mtu, lakini kukinga mvua na kuweka kikomo cha wageni si mambo ya matajiri peke yao. Nyumba ya wageni ya vyumba sita kijijini inaweza kuyafanya yote mawili.

7. Mlaji afanye nini?

Kabla ya kulipa, tunashauri mlaji aulize maswali saba yafuatayo. Si lazima apate jibu kamili la kila swali. Mfanyabiashara makini hufurahi kuulizwa. Anayekasirika amekwisha kujibu.

1. Je, kampuni au mwongozaji ana leseni, na atatoa stakabadhi? Watu wanaowafuata wageni bandarini na mitaani, maarufu kama papasi, wanaweza kutaja bei nafuu, lakini mambo yakiharibika hawapatikani.

2. Bei inajumuisha nini, na kiingilio cha hifadhi kinalipwa wapi?

3. Wafanyakazi wangapi ni wa eneo hilo, na chakula kinanunuliwa wapi?

4. Maji yanatoka wapi, na majitaka yanakwenda wapi?

5. Taka zinapelekwa wapi?

6. Kwa safari ya bahari: je, kuna maboya ya kujiokolea yanayowatosha abiria wote, na nahodha hufuata taratibu gani mbele ya pomboo na matumbawe?

7. Kama hoteli inajiita ya kijani au rafiki wa mazingira, nani amethibitisha hivyo, na lini?

Swali la mwisho lina uzito wake kisheria. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 ya Tanzania Bara inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji, na Zanzibar nayo ina sheria yake ya kumlinda mlaji. Kadi iliyowekwa bafuni ikimwomba mgeni atumie taulo moja kwa siku mbili ni jambo jema, lakini haitoshi kuiita hoteli rafiki wa mazingira wakati bwawa lake linajazwa kutoka kisima cha kijiji. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Mlaji anayeona kwamba alichoahidiwa sicho alichopewa ahifadhi tangazo, mkataba, stakabadhi na picha, amwandikie kwanza mtoa huduma, na asiporidhika apeleke malalamiko kwa mamlaka husika.

Tunaonya pia dhidi ya bei iliyo chini kupita kiasi. Chukua mfano wa kupanda Mlima Kilimanjaro. Viingilio vya hifadhi vinajulikana na havipunguzwi kwa hiari ya kampuni. Kampuni inayouza safari kwa bei inayozidi viingilio kwa kiasi kidogo tu lazima ipunguze mahali pengine, na mahali rahisi ni ujira, chakula na mavazi ya wapagazi. Rahisi huvunja upishi, na hapa anayelala njaa ni yule aliyebeba sufuria.

Akiwa safarini, mlaji aoge kwa muda mfupi, aombe mashuka yasibadilishwe kila siku, abebe chupa yake ya maji na arudi na taka asizoweza kuzitupa mahali salama. Mifuko ya plastiki asiibebe kabisa: Tanzania Bara imeipiga marufuku tangu Juni 2019, na Zanzibar ilitangulia miaka mingi kabla. Angalau mlo mmoja kwa siku ale nje ya hoteli, kwa mpishi wa kijiji. Akirudi, atoe maoni ya kweli kuhusu maji, wafanyakazi na wenyeji, pamoja na godoro na kifungua kinywa, kwa kuwa hoteli hurekebisha yale yanayotajwa.

Muhtasari

Utalii huleta fedha, ajira na sababu ya kuhifadhi. Usiposimamiwa hunyonya maji, huharibu bahari, huwahamisha wenyeji na kuvujisha mapato. Serikali hutunga sheria, wafanyabiashara hujenga na kuendesha, na mlaji huamua fedha yake iende kwa nani. Safari ya haki ni ile ambayo bei yake inakaribia gharama yake, ili mgeni akishaondoka asimwachie mwenyeji deni.

Maswali ya kujipima

1. Eleza tofauti kati ya bei ya safari na gharama ya safari, ukitoa mifano miwili.

2. Kwa nini pampu ya kisima kimoja cha pwani inaweza kuharibu visima vya majirani?

3. Taja njia tatu ambazo mapato ya utalii huvuja, na njia moja ya kuziba kila tundu.

4. Fikiria safari ya mwisho uliyoilipia. Kati ya maswali saba ya sehemu ya 7, ni mangapi ungeweza kuyajibu?

5. Ikiwa kijiji chako kingepewa nafasi ya kuweka kikomo cha wageni kwa siku, mngezingatia mambo gani, na nani angestahili kukaa katika kikao hicho?